Mficha Uchi Hazai: Mazungumzo juu ya Ugumba wa Wanaume na Matibabu Yake



Huenda wako watakaouliza kwa nini jarida la ushirika, ambalo kazi yake ni kueleza habari za bei, mbolea, mizani na malipo ya pili, liingie katika mambo ya chumbani. Jibu lake si gumu. Fedha za mavuno zikishatoka mkononi mwa karani wa chama huenda nyumbani, na katika nyumba isiyo na mtoto fedha hizo huwa na njia yake ya pekee. Huenda kwa mganga wa kwanza, kisha kwa wa pili, kisha kwa wa tatu aliye mbali zaidi. Hununua unga wa sokoni na chupa za dawa zisizo na jina la mtengenezaji. Baadaye hulipa mahari ya mke mwingine. Ng'ombe huuzwa, shamba hukodishwa, na mwisho wake mkopo wa pembejeo haulipwi. Katibu huandika katika kitabu chake kwamba mwanachama fulani ni mdaiwa sugu, naye hajui kwamba deni lile lilianzia katika huzuni.

Shabaha ya mazungumzo haya ni moja tu. Ndoa inapokosa mtoto, mume na apimwe mapema pamoja na mkewe, kabla fedha haijatumika na kabla lawama haijatolewa. Matibabu hutegemea sababu, na sababu haijulikani kwa kukisia, hujulikana kwa kipimo.

MAANA YA MANENO

Yafaa kwanza maneno yatenganishwe, maana kuyachanganya kumeharibu nyumba nyingi. Ugumba ni hali ya mume na mke kukosa mimba baada ya kukutana kwa kawaida, bila kinga, kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Uhanithi ni jambo jingine: ni mwanamume kukosa nguvu za kukutana na mkewe. Mtu anaweza kuwa na nguvu tele na asiwe na mbegu hata moja. Kadhalika mtu anaweza kudhoofika nguvu huku mbegu zake zikiwa nzima. Hivyo basi, mwanamume asemaye, "Mimi ni mzima, tatizo ni la huyu mke," hana ushahidi wowote alioutoa. Wala mtoto aliyempata miaka 10 iliyopita si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa ugonjwa unaweza kuingia baadaye.

Tena ule muda wa miezi 12 ni wa kuishi pamoja. Mume anayechimba dhahabu Chunya na kurudi nyumbani mara mbili kwa mwaka, au dereva wa lori ambaye makazi yake ni barabara ya kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam, hawezi kuhesabu mwaka huo kuwa mwaka kamili. Mwanamke huwa na siku chache tu za kushika mimba katika kila mwezi. Mume asipokuwapo siku hizo, hapana dawa itakayomsaidia.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba karibu mtu mzima 1 katika kila 6 duniani hupatwa na ugumba wakati fulani wa maisha yake. Na madaktari wanakubaliana kwamba katika karibu nusu ya ndoa zisizopata mtoto, kasoro huonekana upande wa mume, ama peke yake, ama pamoja na kasoro ya upande wa mke. Kumpima mke peke yake, basi, ni kupekua nusu ya ghala na kutangaza kwamba gunia limepotea.

JINSI MBEGU ZINAVYOTENGENEZWA

Korodani zimewekwa nje ya tumbo kwa sababu maalumu. Kazi yake yataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Mbegu hazitengenezwi kwa siku moja. Tangu chembe ya mwanzo hadi mbegu kukomaa hupita miezi miwili na nusu hivi, na siku nyingine kadhaa hupita mbegu hizo zikisafiri katika mirija yake. Mkulima wa kahawa wa Mbozi au Rungwe hatashangaa: ajua kwamba kutoka ua hadi tunda jekundu ni safari ndefu, na ugonjwa uliopiga wakati wa maua huonekana wakati wa kuchuma.

Kwa sababu hiyo mambo mawili yanafuata. Kwanza, homa kali iliyompata mtu mwezi uliopita inaweza kuonekana katika kipimo chake cha leo, na ikapita yenyewe. Pili, matibabu yoyote ya kweli hayaonyeshi matokeo kabla ya miezi mitatu hivi. Auzaye dawa ya kuongeza mbegu kwa siku 7 aambiwe kwa upole kwamba mwili haufanyi kazi kwa kalenda yake.

KIPIMO CHENYEWE

Kipimo cha manii ni cha darubini. Hakichomi, hakikati. Mume hukaa siku 2 hadi 7 bila kukutana na mkewe, kisha hutoa manii katika chombo safi alichopewa na maabara. Asitumie sabuni wala mafuta, wala kondomu ya kawaida, kwa kuwa vitu hivyo huua mbegu. Asimwage hata tone la kwanza, kwa maana ndilo lenye mbegu nyingi. Ikiwa ametolea nyumbani, chombo kifike maabara kabla ya saa 1 kupita, nacho kibebwe karibu na mwili. Asubuhi ya baridi ya Uporoto au Njombe si mahali pa kukiweka chombo hicho katika kikapu cha baiskeli.

Mtaalamu huangalia wingi wa manii, idadi ya mbegu, mwendo wake na umbo lake. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, vipimo vya chini ni hivi: manii mililita 1.4, mbegu milioni 16 katika kila mililita, na milioni 39 kwa jumla, mbegu zinazotikisika asilimia 42, na zinazokwenda mbele asilimia 30, na zenye umbo zuri asilimia 4. Vipimo hivyo vilipatikana kwa kuwapima wanaume ambao wake zao walishika mimba katika muda wa miezi 12, na mpaka ukawekwa pale ambapo asilimia 5 ya wanaume hao walikuwa chini yake. Maana yake ni kwamba wako akina baba waliopata watoto huku wakiwa chini ya mpaka. Kwa hiyo kipimo kimoja kibaya si hukumu. Hurudiwa baada ya majuma kadhaa, na daktari humchunguza mtu mwenyewe, si karatasi peke yake.

Akina mama wanajua kwamba vipimo vya upande wao ni vingi zaidi, na baadhi huumiza, kama kile cha kupiga picha mirija ya uzazi. Kuanza na kipimo chepesi cha mume ni haki, na pia ni hesabu nzuri ya fedha.

SABABU NA MATIBABU YAKE

Matibabu ya ugumba wa wanaume si dawa moja. Ni njia kadhaa, na kila njia ina sababu yake.

Njia ya kwanza ni kuacha kinachodhuru. Tumbaku hupunguza mbegu na mwendo wake. Pombe ya kupita kiasi, iwe ulanzi wa Iringa, iwe komoni ya Mbeya, iwe bia ya chupa, hupunguza homoni za kiume. Joto la kila siku karibu na korodani nalo halifai. Afanyaye kazi katika mabani ya kukaushia tumbaku, au akaaye saa nyingi kwenye kiti cha gari kilicho juu ya injini, amweleze daktari kazi yake. Wako pia vijana wanaochomwa sindano za testosteroni ili waongeze misuli au nguvu. Jambo hili lina hila ndani yake. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo ndiyo inayoziamuru korodani zifanye kazi, nayo ikiona homoni imejaa kutoka nje, huacha kutoa amri. Mtu huonekana mwenye nguvu, kumbe kiwanda kimefungwa. Akiacha sindano, kwa kawaida mbegu hurudi, lakini yaweza kuchukua miezi mingi, na pengine kupita mwaka. Mwanamume anayetafuta mtoto asichomwe testosteroni.

Njia ya pili ni kutibu maambukizo. Kisonono na klamidia vikikaa bila tiba vinaweza kuziba mirija ya mbegu, kama vinavyoziba mirija ya mama. Tanganyika ina kumbukumbu ya jambo hili. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, nchi ya Buhaya, kule Bukoba, ilijulikana kwa uchache wa watoto, na magonjwa ya zinaa yalihesabiwa kuwa miongoni mwa sababu kubwa. Katika miaka ya 1950 penisilini ilienea, na idadi ya watoto wanaozaliwa ikapanda. Funzo lake ni kwamba mume na mke watibiwe pamoja, wamalize dawa, na watibiwe mapema. Dawa huua vijidudu, lakini haiondoi kovu lililokwisha kuziba njia.

Hapa wazazi wa watoto wa kiume wakumbuke mambo matatu. Mtoto ambaye korodani yake haijashuka aonyeshwe kwa daktari mapema, maana upasuaji wake wafaa ufanywe kabla hajafikisha miezi 18. Kijana aliyebaleghe akipata matubwitubwi, ambayo wengine huyaita perema, kisha korodani zikavimba, apelekwe hospitali. Na kijana akishikwa ghafla na maumivu makali ya korodani moja, asingojee kupambazuke: huenda korodani imejisokota, na ikipita saa 6 hivi bila kufunguliwa inaweza kufa.

Njia ya tatu ni upasuaji wa mishipa ya vena iliyovimba juu ya korodani, ugonjwa ambao madaktari huuita varikoseli. Aghalabu hutokea upande wa kushoto. Damu husimama, joto hupanda, mbegu hudhoofika. Karibu wanaume 15 katika 100 wanayo, na wengi wao huzaa bila taabu. Lakini miongoni mwa wanaume wenye ugumba hupatikana katika karibu 40 kwa 100. Ndiyo kasoro inayoonekana mara nyingi zaidi kati ya zile zinazoweza kurekebishwa. Daktari huitambua kwa kumpima mtu akiwa amesimama. Upasuaji wake ni wa kuifunga mishipa hiyo, na mbegu hupimwa tena baada ya miezi 3 hadi 6. Wengi huona mbegu zikiongezeka, ingawa si wote wanaopata mtoto. Mtu ambaye uvimbe wake haushikiki kwa mkono, au ambaye mbegu zake ni za kawaida, hana haja ya kukatwa.

Njia ya nne ni kufungua palipoziba. Mtu aliyefunga uzazi kisha akaoa tena, au ambaye mirija yake ilijeruhiwa katika upasuaji wa ngiri, anaweza kuunganishwa. Kazi hiyo ni ya mkono wa fundi hodari, na kadiri miaka inavyopita tangu kufungwa ndivyo matumaini yanavyopungua.

Njia ya tano ni homoni. Wako wanaume wachache ambao korodani zao ni nzima, ila ile tezi ya chini ya ubongo haitoi amri. Hao huchomwa sindano za homoni zinazofanya kazi ya amri hiyo, kwa miezi mingi, na matokeo yake mara nyingi ni mazuri. Matibabu hayo ni kinyume kabisa cha zile sindano za testosteroni zilizotajwa, na hayatolewi bila kipimo cha damu.

Njia ya sita, ambayo ndiyo inayouzwa zaidi, ni vidonge vya vitamini na mitishamba ya kuongeza mbegu. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya utafiti uitwao MOXI. Wanaume wenye mbegu dhaifu waligawanywa: nusu walipewa mchanganyiko wa vitamini na madini, nusu walipewa vidonge visivyo na kitu. Mbegu za kundi la kwanza hazikuwa bora kuliko za kundi la pili, wala wake zao hawakupata watoto wengi zaidi. Chakula bora ni kizuri kwa kila mtu, lakini hapana sababu ya kuuza ng'ombe ili kununua chupa ya vitamini. Waganga wa jadi nao wana heshima yao, na sheria ya nchi imewatambua tangu mwaka 2002. Mganga mwaminifu hatakasirika akiombwa angoje mpaka kipimo cha hospitali kiletwe.

Njia ya saba ni msaada wa maabara. Mbegu zikiwa chache kiasi, huoshwa na kuchaguliwa, kisha hutiwa ndani ya tumbo la uzazi siku za kushika mimba. Zikiwa chache zaidi, yai la mama na mbegu ya baba hukutanishwa nje ya mwili. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Lakini wanaume wenye mbegu kidogo mno waliendelea kukosa tumaini hadi mwaka 1992, wataalamu wa Brussels, Ubelgiji, walipotangaza kuzaliwa kwa watoto waliotokana na mbegu moja tu iliyochomwa kwa sindano ndani ya yai. Tangu hapo hata mtu ambaye manii yake haina mbegu anaweza, mara nyingine, kutolewa mbegu chache moja kwa moja kutoka katika korodani. Afrika Mashariki haikubaki nyuma: watoto wa kutungishwa nje ya mwili walizaliwa Kampala mwaka 2004 na Nairobi mwaka 2006, na siku hizi huduma hiyo hutolewa Dar es Salaam pia. Gharama yake ni kubwa, safari kutoka Mbeya ni ya kilomita zaidi ya 800, na haina hakika. Tena hutegemea sana umri wa mama. Miaka 10 iliyopotea kwa waganga hairudishwi na mashine yoyote.

Na wako ambao njia zote hizi hazitawafaa. Hao wasidanganywe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa malezi ya kambo na wa kuasili mtoto, na ofisi za Ustawi wa Jamii za wilaya ndizo mlango wake. Mtoto aliyeasiliwa kwa sheria ni mtoto wa nyumba hiyo.

GHALA LA CHAMA

Liko jambo moja linaloihusu kazi ya ushirika moja kwa moja, nalo ni dawa za mimea. Mwaka 1977, katika mji wa Lathrop, jimbo la California, Marekani, wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha dawa za kilimo walianza kuambizana kwamba hawapati watoto. Hapana daktari aliyewaambia. Walijumlisha wenyewe, mmoja baada ya mwingine, wakapeleka neno katika chama chao cha wafanyakazi, na vipimo vikafanywa. Wengi wao hawakuwa na mbegu hata moja, au walikuwa nazo chache mno, na waliofanya kazi muda mrefu zaidi ndio walioathirika zaidi. Kisa kilikuwa dawa ya kuua minyoo ya udongo iitwayo DBCP. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1961 ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba dawa hiyo husinyaza korodani za panya, na bado iliendelea kuuzwa. Hata baada ya Marekani kuanza kuizuia, iliendelea kutumika nje, na wafanyakazi wengi wa mashamba ya ndizi ya Costa Rica wakapoteza uzazi. Wale waliokuwa wamepungukiwa tu walipoacha kuigusa, wengi walipata nafuu. Wale waliokuwa hawana mbegu kabisa, wengi hawakupona.

Visa hivyo ni vya mbali, lakini mabomba ya mgongoni yako Mbozi, Rungwe, Mufindi na Njombe. Mkulima wa viazi hunyunyizia dawa ya ukungu mara nyingi katika msimu mmoja, na mkulima wa kahawa vivyo hivyo. Si kila dawa huua mbegu, wala mazungumzo haya hayasemi hivyo. Yanasema kwamba dawa isiyo na maandishi haijulikani itafanya nini, na mkono usio na glavu haujui kuchagua. Dawa iuzwayo na chama iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Isihifadhiwe pamoja na mahindi. Isigawanywe katika chupa za soda. Anyunyiziaye avae nguo ndefu, buti na glavu, asizibue bomba kwa kupuliza kwa mdomo, na aoge kabla ya kula. Makopo matupu yasitumike kuchotea maji.

HESHIMA NA HATARI

Ukimya una gharama zake. Mke hurudishwa kwao kwa kosa ambalo si lake, na ng'ombe wa mahari hudaiwa. Mke wa pili huletwa, naye hazai, na bado mume hapimwi. Au kila mmoja huenda kujaribu bahati nje kwa siri. Katika mikoa hii siri hiyo ni hatari mno. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016–17 ulionyesha kwamba watu wazima wenye virusi vya UKIMWI walikuwa asilimia 11.4 Njombe, asilimia 11.3 Iringa na asilimia 9.3 Mbeya, nayo ndiyo mikoa mitatu iliyoongoza Tanzania Bara. Aliyetoka nje kutafuta mtoto aweza kurudi na ugonjwa. Na mume au mke anayeishi na virusi asikate tamaa ya uzazi: akitumia dawa zake sawasawa na kufuata ushauri wa kliniki, anaweza kupata mtoto bila kumwambukiza mwenzake.

Aidha, yafaa ifahamike kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inapoorodhesha mambo yanayoweza kuthibitisha kwamba ndoa imevunjika, haikutaja kutozaa. Mwanamke asiyezaa si mkosaji mbele ya sheria, seuze yule ambaye hata hajulikani kama ndiye asiyezaa.

WAJIBU WA VYAMA VYA MSINGI

Katibu si daktari, wala hatakiwi kuwa. Lakini yako mambo matano ambayo chama kinaweza kuyafanya.

1. Kumwalika mganga wa zahanati au wa kituo cha afya azungumze na wanachama mara moja kwa mwaka, wanaume wakae peke yao kwa muda, kisha wakae pamoja na wake zao.

2. Kuwaeleza wanachama njia ya kufuata: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa kama ile ya Iringa, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda iliyoko Mbeya. Mwanachama aulize kwanza ni wapi kipimo cha manii hufanyika, ili asisafiri bure.

3. Kupitia chama cha akiba na mikopo, kuruhusu mkopo mdogo wa matibabu ulipwe moja kwa moja hospitalini. Mkopo wa kipimo ni mdogo kuliko hasara ya ng'ombe mmoja.

4. Kukagua ghala la dawa za mimea kabla ya kila msimu, na kuandika dawa zilizomo.

5. Kutunza siri. Mwanachama akimweleza katibu shida yake, shida hiyo isifike kilabuni kabla yake. Wanachama wasiochaguliwa kuwa wazazi wasitaniwe mkutanoni, na haki yao ya kuandikisha mrithi wa hisa, awe mke, ndugu au mtoto aliyeasiliwa, ilindwe kama ya mwingine yeyote.

Ndugu wanachama, mkulima wa Nyanda za Juu Kusini hapandi mahindi yaliyoshindwa kuota miaka mitatu mfululizo bila kuuliza kasoro iko wapi. Huchunguza udongo, na huchunguza mbegu pia. Halilaumu shamba peke yake. Wazee walisema kwamba mficha uchi hazai, nao hawakusema kwamba neno hilo ni la wanawake tu. Mume aliyeoa mwaka mmoja uliopita, na nyumba yake ingali kimya, afunge safari ya hospitali pamoja na mkewe kabla ya msimu ujao wa mavuno, na fedha ya msimu huo itajua pa kwenda.